Robert Bosch: Fundi aliyeipa injini cheche na kipimo cha mafuta

KWA zaidi ya karne moja, jina la Bosch limesomwa kwenye plagi, pampu za dizeli na vifaa vya umeme wa magari katika gereji za kila pembe ya dunia. Wengi wanaolitamka hudhani ni jina la kampuni tu. Hawajui kwamba lilikuwa la mtu, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni kijijini, aliyeanza kazi na wasaidizi wawili katika karakana iliyokuwa uani.

Kila fundi anayeongeza nguvu za injini leo, awe anashughulikia gari la mashindano au pikipiki ya kawaida, huhangaika na maswali mawili. Je, cheche itoke lini hasa? Na mafuta yaingie kiasi gani, kwa wakati upi? Robert Bosch alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya miaka 80 kuyatafutia majibu maswali hayo.

Hata hivyo, majibu aliyoyapata yalimletea utajiri na fahari, na vilevile majonzi. Aliyachukia mapigano ya mataifa, ilhali vifaa vyake vilihitajika sana na majeshi katika vita vikuu viwili.

Bosch alizaliwa Septemba 23, 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 katika familia ya watoto 12.

Baba yake, Servatius Bosch, alikuwa na nyumba ya wageni pamoja na mashamba. Alikuwa mtu aliyesoma kuliko wengi wa majirani zake, na alitaka wanawe wapate elimu. Robert alisomea Ulm, lakini shule haikumvutia sana. Alipendezwa zaidi na mimea, wanyama na mambo ya maumbile.

Mwaka 1876 alianza kujifunza ufundi wa vyombo vya vipimo, kazi inayohitaji mkono mwepesi na jicho kali. Mafunzo yenyewe hayakuwa mazuri. Mwalimu wake hakujishughulisha sana na wanafunzi, na kijana huyo alimaliza mwaka 1879 akiwa na kinyongo. Baadaye, alipokuwa mwajiri, alisisitiza kwamba wanaojifunza kazi kwake wafundishwe kwa dhati, na mwaka 1913 alianzisha karakana maalumu ya mafunzo ndani ya kiwanda chake.

Kwa miaka saba alitangatanga kutoka karakana moja hadi nyingine. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York, Marekani, ambako alifanya kazi katika kiwanda cha Sigmund Bergmann, mshirika wa mvumbuzi Thomas Edison. Mwaka uliofuata alielekea Uingereza na kuajiriwa na kampuni ya Siemens Brothers.

Huko ughaibuni alijionea jinsi mfanyakazi anavyoweza kutupwa nje bila taarifa pindi kazi inapopungua. Alirudi nyumbani akiwa na ujuzi wa umeme, na pia akiwa na fikra kuhusu haki za wafanyakazi ambazo wenye viwanda wa siku hizo hawakuzipenda.

Karakana ya uani

Mnamo Novemba 15, 1886, Bosch alifungua karakana yake mjini Stuttgart. Alikuwa na mtaji wa maki 10,000, fedha ambazo sehemu yake kubwa ilitokana na urithi wa baba yake. Wafanyakazi wake walikuwa wawili tu: fundi mmoja na kijana wa kutumwa.

Kazi zilikuwa za kubahatisha. Waliunganisha simu, wakatengeneza kengele za umeme na kurekebisha vyombo vya kila aina. Bosch alizunguka mjini kwa baiskeli akikagua kazi za wateja, kitu kilichowashangaza watu kwa kuwa baiskeli zilikuwa chache wakati huo.

Mwaka 1887 mteja mmoja, mtengenezaji mdogo wa mitambo, alimuuliza iwapo angeweza kumtengenezea kifaa cha kuwashia mafuta ndani ya injini, mfano wa kile kilichotumiwa na kiwanda cha injini cha Deutz. Bosch alisafiri hadi mji wa Schorndorf kukitazama kifaa hicho. Alipohakikisha kwamba hakikuwa kimelindwa na hataza, alitengeneza chake, akakiboresha na kukiuza.

Kifaa hicho kiliitwa magneto. Ndani yake mna sumaku, na katikati ya ncha za sumaku hiyo kuna kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Kiini kikitikiswa, umeme huzalishwa bila kuhitaji betri. Umeme huo ukikatwa ghafla ndani ya silinda, cheche huruka na kuwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta.

Mwaka huo huo wa 1887 alimwoa Anna Kayser, dada wa rafiki yake. Walijaliwa watoto wanne, mmoja wao akafariki akiwa mchanga.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 biashara ilidorora kiasi kwamba Bosch alilazimika kuwaachisha kazi karibu mafundi wake wote. Alinusurika kwa mikopo na kwa msaada wa jamaa zake.

Tatizo la cheche

Ili kufahamu kwa nini karakana hiyo ndogo iligeuka kuwa kampuni ya dunia nzima, ni muhimu kuelewa shida iliyowakabili waundaji wa magari ya kwanza. Carl Benz, aliyeunda gari lake mwaka 1886, alilihesabu suala la kuwasha mafuta kuwa gumu kuliko mengine yote.

Wenzake katika kampuni ya Daimler walitumia kijibomba kilichochomwa kwa moto kutoka nje hadi kikawa chekundu. Mafuta yaliwaka yalipokigusa. Njia hiyo ilikuwa ya hatari kwani moto ulikuwa wazi karibu na petroli. Isitoshe, dereva hakuwa na namna ya kuamua mafuta yawake wakati gani. Wengine walitumia betri, lakini betri za enzi hizo ziliisha nguvu baada ya mwendo mfupi.

Wakati wa kuwasha ndiyo siri yenyewe ya nguvu za injini. Mafuta ndani ya silinda hayalipuki yote kwa mpigo mmoja. Moto husambaa kutoka kwenye cheche na huchukua muda, japo ni mfupi mno. Kwa hivyo cheche sharti itoke kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili msukumo mkubwa zaidi uje wakati pistoni imeanza tu kushuka.

Mathalani, tuseme moto unahitaji sehemu mbili kwa elfu za sekunde ili kuenea. Injini inayozunguka mara 600 kwa dakika itakuwa imesogea takriban nyuzi saba katika muda huo. Injini ile ile ikizunguka mara 3,000 itakuwa imesogea nyuzi 36. Kadiri injini inavyokwenda kasi ndivyo cheche inavyopaswa kuwahishwa.

Ikichelewa, nguvu hupotea na joto jingi hutoka na moshi. Ikiwahi kupita kiasi, shinikizo hupanda wakati pistoni ingali inapanda, injini huanza kugonga, na hatimaye pistoni huweza kutoboka. Mafundi wengi wanaoipa injini nguvu mpya wamejifunza somo hilo kwa gharama kubwa.

Magneto ya kwanza ya Bosch ilifaa injini za viwandani zilizokwenda polepole. Mwaka 1897 mfanyabiashara Frederick Simms alimletea baiskeli ya magurudumu matatu yenye injini ya De Dion-Bouton, iliyozunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Kiini kizito cha magneto hakingeweza kutikisika kwa kasi hiyo.

Suluhisho lilitoka kwa msimamizi wa karakana, Arnold Zähringer. Badala ya kukitikisa kiini kizito, alikiacha kitulie na kuweka ganda jepesi la chuma lililozunguka kati yake na sumaku. Ganda hilo liliweza kwenda kasi bila taabu. Kwa mara ya kwanza, injini ya gari ilipata cheche ya kuaminika isiyotegemea betri.

Mwaka 1898 Bosch na Simms walifungua ofisi ya mauzo London, na mwaka 1899 wakaingia Ufaransa, nchi iliyokuwa kitovu cha magari wakati huo.

Kilichobaki kilikuwa dosari moja. Cheche hiyo ilitegemea vyuma viwili vilivyogusana na kuachana ndani ya silinda, penye joto kali na masizi. Bosch alimkabidhi kazi hiyo Gottlob Honold, mhandisi aliyewahi kujifunza ufundi katika karakana hiyo akiwa kijana.

Honold alitengeneza magneto yenye nyaya za aina mbili, iliyozalisha umeme wa nguvu kubwa kiasi cha kuruka pengo lililo wazi. Pengo hilo liliwekwa kwenye ncha ya plagi. Hataza ilipatikana mwaka 1902, na tangu hapo hapakuhitajika tena chuma chochote kinachocheza ndani ya silinda. Dereva naye aliwahisha au kuchelewesha cheche kwa kusukuma kijiti kilichokuwa karibu na usukani.

Mashindano yaliitangaza kazi hiyo kuliko tangazo lolote. Mwaka 1903 Mbelgiji Camille Jenatzy alishinda mbio za kuwania Kombe la Gordon Bennett huko Ireland akiendesha Mercedes iliyowashwa kwa magneto ya Bosch. Kwa sababu ya ndevu zake nyekundu, Jenatzy alibandikwa jina la Shetani Mwekundu, na sura yake ikatumiwa baadaye katika mabango ya kampuni.

Kufikia mwaka 1906, magneto ya 100,000 ilikuwa imetoka kiwandani.

Mwajiri aliyeitwa mwekundu

Mwaka huo huo wa 1906, Bosch aliamua kwamba wafanyakazi wake wangefanya kazi kwa saa nane kwa siku. Viwanda vingi vya Ujerumani vilikuwa bado vikidai saa 10 au zaidi. Wenye viwanda wenzake walikasirika, wakamwita Bosch Mwekundu, kana kwamba alikuwa mwanamapinduzi.

Yeye alikuwa na hesabu zake. Aliamini kwamba mtu aliyepumzika hufanya kazi ya saa nane vizuri kuliko aliyechoka anavyofanya ya saa 10, na kwamba zamu mbili za saa nane zingewezesha mashine kutumika muda mrefu zaidi kila siku. Aidha, alilipa mishahara mizuri kuliko wengine na mwaka 1910 akawapa wafanyakazi mapumziko ya Jumamosi alasiri.

Aliwataka nao wawe waangalifu. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuokota kibanio cha karatasi sakafuni na kumwonyesha mfanyakazi kwamba hizo zilikuwa fedha za kampuni zilizotupwa. Vilevile, alishikilia kwamba ni heri kupoteza fedha kuliko kupoteza imani ya mteja.

Uhusiano huo mwema ulipata pigo mwaka 1913. Mgogoro na chama cha wafanyakazi uligeuka kuwa mgomo, na kiwanda kikafungwa kwa majuma kadhaa. Bosch, aliyejiona rafiki wa wafanyakazi, aliumia sana rohoni. Baada ya hapo alijiunga na chama cha waajiri ambacho awali alikuwa amekikwepa.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka uliofuata. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, karibu asilimia 90 ya mauzo ya Bosch yalikuwa nje ya Ujerumani. Vita vilipozuka mwaka 1914, masoko hayo yalitoweka karibu kwa siku moja. Mali zake nchini Marekani, pamoja na kiwanda, zilitaifishwa na kuuzwa, na hata jina lake likabaki mikononi mwa wengine.

Badala ya wateja wa ng'ambo alikuja mteja mmoja: jeshi. Magneto za Bosch zilihitajika katika malori na ndege za vita. Fedha ziliingia kwa wingi, lakini mwenyewe hakutaka kutajirika kwa damu ya watu. Sehemu ya kiwanda aliigeuza kuwa hospitali ya majeruhi, na mwaka 1916 alitoa mamilioni ya maki kugharamia mfereji wa mto Neckar na shughuli nyingine za umma.

Nyumbani pia hapakuwa na furaha. Mwanawe wa kiume, aliyeitwa Robert kama yeye na aliyetarajiwa kurithi kampuni, aliugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1921. Ndoa ya wazazi haikupona jeraha hilo. Mwaka 1927 Bosch na Anna walitalikiana, naye akamwoa Margarete Wörz, aliyemzalia watoto wawili.

Pampu ya dizeli

Katikati ya majonzi hayo ndipo kazi ya pili kubwa ya maisha yake ilipoanza. Mwishoni mwa mwaka 1922, Bosch aliamua kwamba kampuni yake itengeneze pampu ya kuingiza mafuta katika injini za dizeli.

Rudolf Diesel, aliyebuni injini hiyo, alikuwa amefariki mwaka 1913. Injini yake haikuhitaji plagi. Hewa ilibanwa hadi ikawa moto kiasi cha kuwasha mafuta yalipoingizwa. Ugumu ulikuwa katika kuyaingiza. Diesel alitumia hewa iliyoshindiliwa na mtambo mwingine mzito, hivyo injini zake zilifaa meli na viwanda lakini hazingeweza kubebwa na lori.

Kuna jambo ambalo mafundi wa dizeli hulijua vyema. Katika injini ya petroli, cheche ndiyo huamua wakati wa moto. Katika dizeli, mafuta yenyewe ndiyo cheche. Yakiingia mapema mno injini hugonga. Yakichelewa hutoa moshi na kupoteza nguvu. Yakizidi au yakipungua katika silinda moja, injini yote hutetemeka.

Pampu basi ilipaswa kupima matone madogo kuliko punje ya mchele, kuyasukuma kwa nguvu nyingi kupitia tundu jembamba sana, na kurudia kitendo hicho mara mamia kwa dakika bila kukosea. Pistoni ndogo ndani yake ililazimika kuchongwa kwa usahihi wa sehemu chache kwa elfu za milimita, kwani hapakuwa na mpira wala ngozi ya kuzuia mafuta yasivuje.

Wahandisi wake walifanya majaribio kwa takriban miaka mitano. Pampu iliyoshinda ilikuwa na pistoni iliyochongwa ukingo wa mshazari. Ikizungushwa kidogo, ukingo huo uliachilia mafuta mapema au kwa kuchelewa, na kwa njia hiyo kipimo kikaongezwa au kupunguzwa bila kubadilisha urefu wa mwendo wa pistoni. Mwisho wa mwaka 1927, pampu za kwanza zilianza kutoka kiwandani kwa ajili ya malori.

Uamuzi huo ulifika kwa wakati. Soko la magneto lilikuwa likififia kwa kuwa magari yalikuwa yameanza kuwashwa kwa betri na koili, na kati ya mwaka 1925 na 1926 kampuni ilikumbwa na msukosuko uliowagharimu wafanyakazi wengi kazi zao. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilitoa gari dogo la dizeli, 260 D, lililotumia pampu ya Bosch.

Malori yanayopanda kutoka Mombasa hadi nyanda za juu za Kenya ni ushahidi wa umuhimu wa kipimo hicho. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na ile ya pwani. Injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa, ikipewa Nairobi kipimo kile kile cha dizeli ilichopewa Mombasa, hukosa hewa ya kutosha kuyachoma mafuta hayo yote, na moshi mweusi hutanda barabarani. Ndiyo maana baadhi ya pampu ziliwekewa kifaa cha kuhisi shinikizo la hewa na kupunguza mafuta gari linapopanda mlima.

Mafuta angani

Wahandisi wa Bosch hawakuishia kwenye dizeli. Walijaribu pia kuingiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli hailainishi vyuma kama dizeli, hivyo pampu ilibidi iwekewe njia ya kupata oili ili isikwaruzike.

Kazi hiyo ilizaa matunda katika injini za ndege, hasa Daimler-Benz DB 601 iliyotumiwa na ndege za kivita za Messerschmitt Bf 109. Mwaka 1940, katika mapambano ya anga juu ya Uingereza, tofauti ilionekana wazi. Ndege za Uingereza zenye injini ya Merlin zilitumia kabureta. Rubani alipoielekeza pua ya ndege chini ghafla, petroli iliruka juu ndani ya kabureta na injini ikasita. Mjerumani aliyekuwa mbele yake aliteremka bila tatizo na kutoroka.

Mwaka 1941 mhandisi wa Kiingereza, Beatrice Shilling, alipunguza kasoro hiyo kwa kifaa kidogo chenye tundu lililodhibiti mtiririko wa mafuta. Bi Shilling mwenyewe alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki aliyezoea kurekebisha injini ili zitoe nguvu zaidi.

Kwa Bosch mwenyewe, ushindi huo wa kiufundi haukuwa na utamu. Alikuwa ametumia miaka na fedha nyingi akipigania maelewano kati ya Ujerumani na Ufaransa. Alimdharau Adolf Hitler na chama chake. Alitoa misaada kwa Wayahudi, na mwaka 1937 aliruhusu kampuni imwajiri Carl Goerdeler, aliyekuwa meya wa Leipzig, kama mshauri. Kazi hiyo ilikuwa pazia. Nyuma yake Goerdeler alisafiri na kuwakusanya wapinzani wa utawala huo, hadi aliponyongwa Februari 2, 1945.

Hans Walz, aliyeiongoza kampuni, alitumia fedha zake kuwasaidia Wayahudi kukimbia. Mwaka 1969 taasisi ya Yad Vashem ya Israel ilimtunuku heshima ya Mwenye Haki kati ya Mataifa.

Lakini upande wa pili wa kitabu hauwezi kufichwa. Kampuni iyo hiyo ilikuwa nguzo ya silaha za Hitler. Katika miaka ya vita, takriban watu 20,000 walifanyishwa kazi kwa nguvu katika viwanda vyake, wakiwemo mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Waliowalinda wachache kwa siri walikuwa pia wakisimamia mitambo iliyoendeshwa na wengi waliotekwa. Historia imeyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega.

Utawala wa Hitler nao ulitaka kujinufaisha kwa jina lake. Mwaka 1941, alipotimiza umri wa miaka 80, ulimpa nishani ya heshima ya kazi. Mwaka mmoja kabla yake, hospitali aliyoijenga Stuttgart ilikuwa imefunguliwa, nayo ingali ikiwahudumia wagonjwa.

Robert Bosch aliaga dunia Machi 12, 1942 mjini Stuttgart kutokana na maradhi ya sikio. Aliowachukia walimwandalia mazishi ya kitaifa, na hakuwa na uwezo wa kuyakataa.

Kilichobaki

Kabla ya kifo chake alikuwa ameandika wosia akiwaelekeza warithi waihifadhi kampuni isimezwe na wengine, na faida yake iwasaidie watu. Mwaka 1964 hisa nyingi zilihamishiwa wakfu wa hisani unaobeba jina lake. Hadi leo wakfu huo unamiliki zaidi ya asilimia 90 ya kampuni, na fedha zake huenda katika afya, elimu na maelewano ya mataifa.

Teknolojia aliyoiacha haikulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, pampu ya petroli iliyotoka kwenye ndege iliingizwa katika magari madogo ya Gutbrod na Goliath, na mwaka 1954 katika Mercedes-Benz 300 SL. Mwaka 1967 Volkswagen ilianza kuuza gari lenye mfumo wa Bosch uliopima mafuta kwa elektroniki. Mwaka 1976 kihisi cha oksijeni kwenye moshi kilitokea katika magari ya Volvo, na mwaka 1979 kompyuta moja ndani ya BMW ilianza kuamua cheche na mafuta kwa pamoja.

Hapo ndipo kazi ya fundi wa injini zilizoongezewa nguvu ilipobadilika. Zamani alizungusha distribyuta kwa mkono na kubadilisha jeti za kabureta. Siku hizi hufungua kompyuta na kurekebisha majedwali ya tarakimu: kwa kasi hii na mzigo huu, cheche itangulie kwa nyuzi kadhaa na injekta ifunguke kwa muda fulani.

Kanuni zenyewe hazijabadilika. Petroli ikichomwa kikamilifu huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Anayetafuta nguvu za mwisho huongeza mafuta kidogo hadi karibu kilo 12.5 au 13 za hewa kwa kilo moja, kwani mafuta hayo ya ziada husaidia kupoza silinda. Anayeongeza turbo au kubana zaidi mchanganyiko hulazimika kuichelewesha cheche, la sivyo injini itagonga. Tarakimu zinaweza kubadilishwa kwa dakika moja, lakini pistoni iliyotoboka haizibwi kwa kompyuta.

Tarakimu hizo zimewahi pia kuitia doa kampuni. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen ilikuwa imepanga kompyuta za magari yake ya dizeli zitambue wakati wa kupimwa moshi na kupunguza sumu kwa muda huo tu. Vifaa vya udhibiti vilitoka Bosch. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Stuttgart waliitoza Bosch faini ya euro milioni 90 kwa uzembe wa usimamizi.

Kwa kampuni ambayo mwasisi wake alithamini imani kuliko fedha, lilikuwa somo chungu, na lilitolewa katika mji ule ule alikofungulia karakana yake mwaka 1886. Chombo alichokijenga kinaweza kupima tone la mafuta kwa usahihi wa ajabu. Uaminifu wa anayekitumia ni jambo ambalo hata Robert Bosch, pamoja na bidii yake yote, hakuweza kulitengenezea pampu.